Kwa Nini Nafuga Vipepeo

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Lufingo, mwanangu, muda mfupi baada ya kumzika mtoto wangu wa kwanza. Mume wangu alikuwa amerudi kazini kwenye mashamba ya chai, na nyumba ilikuwa kimya hata nikawa nasikia migomba ikidondosha maji. Nilipotoka uani nikakuta viwavi wanakula majani ya mlimao. Hasira zangu zote zikawaangukia wao. Nikachota majivu ya moto jikoni.

Mama mkwe akanishika mkono. "Gwe, wewe, acha! Wamekukosea nini hao?"

"Wanaumaliza mti, mama."

"Mti utachipua. Wao wakifa, wamekwisha." Kisha akasema polepole, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Walee hawa."

Nilimwona hana huruma. Kunitajia kulea, mimi! Lakini enzi zile mkamwana hakubishana na mkwe. Nikawaweka wachache kwenye tenga, nikalifunika kwa kitambaa chepesi, maana nje nyigu na ndege huwamaliza wengi. Kila asubuhi niliwakatia majani mabichi. Nilipomgusa mmoja alitoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali, nami nikajikuta nacheka, na kicheko chenyewe kikanitisha. Baadaye wakajifunga kwenye vijiti, wakawa kama majani yaliyokunjwa. Nikadhani na hawa wamenifia.

Hawakufa. Alitoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Nilitaka abaki. Mama mkwe akafunua tenga.

"Ukimfungia atakufa mbele ya macho yako. Mwache akatage."

Alipopaa juu ya migomba nililia, mwanangu, kilio kilichokataa kutoka msibani. Mama mkwe akakaa chini nami.

Sasa yeye hayupo, na mume wangu hayupo. Watoto wangu wanaishi Mbeya na Dar. Hunipigia simu Jumapili, wakipata nafasi. Jioni za hapa ni ndefu, sikufichi. Wajukuu wakija huniuliza, "Bibi, wadudu ndani ya nyumba wa nini?"

Sifugi kwa sababu ya upweke tu. Vichaka nilivyovijua kule Suma vimekuwa mashamba, na dawa ya kupulizia haiulizi nani mharibifu na nani hana hatia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vipepeo wangu wachache hawatarudisha msitu, najua. Ila anayelea kiwavi hujifunza mdudu huyo anakula jani gani, na akishajua, hatalikata pori bila kufikiri.

Basi sikia, mwanangu. Usichukue wengi kuliko unaoweza kuwalisha. Vipepeo wa kwenu waachie huko huko kwenu, usiwapeleke ugenini. Panda miti wanayoila, na kona moja ya shamba iache na magugu na maua yake. Na ukifiwa, usikae na mikono mitupu. Tafuta kiumbe cha kulea.

Mungu akupe subira ya kulea, na siku ya kuachia asikuache peke yako. Ndaga, asante kwa kunisikiliza, mwanangu.