Safari ya Kanyangi Kutafuta Maana ya Neno Ngui

Miaka ya sabini, nikifundisha muziki Wote, Makueni, niliombwa kusaidia kuandika kamusi ya maneno ya muziki, ya zamani na ya sasa. Mimi nilipewa ya Kikamba. Kwenye neno ngui, rasimu ilisema tu: mwimbaji. Baba alipoisoma alicheka, akasema basi kanisani kwetu kila mtu ni ngui. Kitabu kilikuwa kimebakiza wiki mbili kupelekwa kwa mpiga chapa. Nikaamua kwenda kumwona Mama Syombua wa Kanyangi, ambaye nyimbo zake zilifika hadi kwetu.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi hadi Machakos, nikabadilisha la Kitui. Tuliposimama Kwa Vonza, mama muuza pojo niliyeketi naye alinionya kwamba Syombua ameokoka na hataki tena kusikia habari za ngoma. Nililala Kitui kwa binamu yangu, moyo ukiwa mzito.

Jumanne saa nne nilifika Kanyangi. Mama Syombua alikuwa akipepeta mtama. Alinipa uji, tukasalimiana vizuri, lakini nilipotaja nyimbo alisema hayo aliyaacha, na jina lake lisiandikwe popote. Nikafunga daftari.

Shemeji yake, Mzee Mutuku, alikuwa karibu akichonga mpini wa jembe. Alisema bila kuinua macho, "Mwambie mwalimu ule wimbo ulionitungia. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Ndipo wakanisimulia wote wawili. Mwaka mmoja wa kiangazi, Mutuku alizungushia miiba kisima cha mtoni ili wengine wasichote. Syombua akatunga wimbo juu yake, ukaimbwa mpaka sokoni. Chifu akawaita waimbaji wote, akauliza wimbo ni wa nani. Wenzake Syombua wakaangalia chini.

"Nilisimama," Mama Syombua alisema. "Nilikuwa na mimba, na nimeolewa na ndugu yake huyu. Lakini ngui si mwenye sauti nzuri. Ni yule ambaye wimbo ukiuliziwa, anasema ni wangu."

Mzee Mutuku alisema alijifungia ndani siku mbili, kisha akaing'oa ile miiba mwenyewe. Kilichomuudhi ni kwamba watu waliendelea kuuimba hata baada ya mvua. Wakacheka wote wawili, nami nikacheka nao.

Nilipoaga, Mama Syombua alinisindikiza hadi barabarani. Hapo akasema niandike jina lake, kwa sababu akilificha atakuwa ameukana wimbo.

Jumatano nilirudi Wote na kuandika upya: ngui ni mtunzi na kiongozi wa wimbo, na ndiye anayejibu ukiuliziwa. Mhariri alilalamika kwamba maelezo ni marefu, lakini hakuyakata. Kabla ya safari hiyo, maana za maneno nilizitafuta vitabuni. Kanyangi niliketi na mtu aliyesimama mbele ya chifu kwa ajili ya wimbo wake, na chini ya neno ngui, mahali pa kutaja tulikolipata, nikaandika: Syombua, Kanyangi.