Bi Kamijo na Kamba ya Kwenda Angani

Tomoe Kamijo alianza kuvuta hariri akiwa na miaka kumi na mitano, katika kiwanda kilichokuwa nyuma ya kituo cha treni cha Okaya, na akaivuta kwa miaka arobaini na minne. Ilikuwa kazi ya maji ya moto. Vifukofuko vya viwavi wanaofuma hariri vinaelea sufuriani kama mayai madogo. Unatafuta ncha ya uzi wa kila kimoja, unakusanya ncha saba, unazivuta ziwe uzi mmoja. Kifukofuko kikiisha, unarushia ncha mpya palepale, gurudumu likizunguka. Uzi usikatike, wala usifanye kifundo. Vidole vyake vilibaki vyeupe na laini kama vya mtoto aliyetoka kuoga, na harufu ya viwavi waliochemka haikumtoka hata siku ya harusi yake.

Kiwanda kilipofungwa alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa. Akawa analima figili nyuma ya nyumba na kunywa chai na Fusae, jirani yake, ambaye kiwandani walikaa naye benchi moja kwa miaka thelathini wakitaniana.

Basi mwezi wa nne mmoja, ziwa la Suwa likiwa limeshayeyuka barafu, akaja mgeni mlangoni: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, suruali ya vumbi, kisanduku mkononi. Akainama sana, akajitaja kuwa Wakatsuki, mwalimu wa chuo kikuu.

"Bi Kamijo, samahani kwa kukusumbua. Natafuta mtu anayejua kuvuta uzi mwembamba kuliko hariri."

"Mwembamba kuliko hariri ni wa buibui," Tomoe akajibu. "Na buibui hawaajiriwi. Ingia, Mwalimu. Wa nini huo uzi?"

"Wa lifti."

Fusae, aliyekuwa akikata mboga za kuchachua, akainua kichwa. "Lifti ya kwenda ghorofa ya ngapi?"

"Haina ghorofa. Inakwenda angani. Kilomita elfu thelathini na sita, halafu kamba inaendelea juu zaidi."

Kisu kikasimama. Fusae akamtazama mgeni, akamtazama Tomoe, kisha akauliza kwa upole mkubwa, "Mwalimu, umekula tangu asubuhi?"

Wakatsuki akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatoa ufunguo wa gari, akaufunga kwenye uzi alioazima, akauzungusha hewani. Uzi ukanyooka, ukakaza.

"Mkono wangu ndio dunia," akasema. "Inazunguka siku nzima, bure kabisa. Kamba ikiwa ndefu vya kutosha na ina uzito kwenye ncha ya juu, dunia yenyewe itaining'iniza. Haihitaji nguzo. Gari la lifti linaipanda taratibu kama kiwavi, bila moto wala mngurumo."

"Na shida iko wapi?"

"Kamba. Waya bora wa chuma, ukiuning'iniza, utakatika kwa uzito wake mwenyewe kabla haujatimiza kilomita hamsini. Nyuzi zangu zina nguvu kuliko chuma, ila zinakatika mikononi mwetu. Sisi ni watu wa hesabu, Bi Kamijo. Hatuna vidole."

Siku ya pili Tomoe akapanda treni kwenda maabara. Fusae alimsindikiza hadi kituoni akimwambia, "Ukifika mbinguni nisalimie marehemu mume wangu, ila usimwambie niko wapi."

Alivalishwa koti jeupe, akawekewa mbele yake kibati kidogo kama kucha ya kidole gumba. Juu yake palikuwa na weusi ambao hakupata kuuona maishani: haukung'aa, haukuwa na kivuli, kama tundu lililochimbwa kwenye mwanga. Wakatsuki alimweleza kwamba ule weusi ni msitu. Vinyweleo vya kaboni, mabilioni kwa mabilioni, vimesimama wima, kila kimoja kifupi kuliko unene wa kadi ya posta.

Tomoe akashika kibano, akagusa ukingo wa msitu, akavuta.

Kitu kikamfuata. Hakikuwa uzi bado. Kilikuwa ukungu, utandu mweusi unaoonyesha ng'ambo ya pili, ukitoka kwenye ule msitu bila sauti, kila kinyweleo kikimshika mwenzake na kumwamsha, na yule akimwamsha wa nyuma yake. Alivuta shubiri moja. Akavuta mbili. Akavuta hadi mwisho wa meza, na weusi ulikuwa bado unakuja. Miaka arobaini na minne alidhani anaujua uzi, kumbe alikuwa ameujua wa viwavi tu.

"Usiuache," Wakatsuki akanong'ona.

"Mimi siuachi," Tomoe akasema. "Yeye ndiye hataki kuniacha."

Akabaki pale miaka saba. Mwaka wa kwanza nyuzi zilikatika kila zilipopimwa, na Wakatsuki alimwonyesha kwenye hadubini sababu yake: vinyweleo havikukatika, viliteleza tu, kimoja kikachomoka pembeni mwa kingine. Tomoe akatazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, mbona mnausokota mkavu?"

"Ulitaka tuuloweshe?"

"Kwetu uzi haukwenda gurudumuni moja kwa moja. Ulitoka majini, tukaupinda ujizungushe wenyewe mara mia, ujikamue. Uzi usiojikamua una hewa tumboni. Wenye hewa ni mwongo."

Maji yalikataa kuingia kwenye zile nyuzi, basi wakajaribu spiriti. Tomoe akatengeneza gurudumu la kupindia kwa mianzi na waya wa baiskeli, akiwacheka mafundi walioleta michoro. Siku ya kupima, mashine ilivuta na kuvuta, namba zikapita pale zilipokuwa zikikomea, zikaenda hadi karibu mara mbili yake, ndipo uzi ukakatika kwa mlio mdogo.

Wakatsuki akakaa chini sakafuni. "Bi Kamijo, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kwenye sufuria." Kisha akauliza, "Sasa bado kiasi gani, hadi ile kamba?"

"Nguvu mara thelathini ya hii."

Tomoe akafikiri. "Kwa hiyo tumeshafika sehemu moja kati ya thelathini ya njia ya mbinguni?"

"Hapana, hesabu yake si hivyo..." Wakatsuki akatabasamu. "Basi ndiyo. Unaweza kusema hivyo."

Mwaka wa tano, kipande cha uzi wake, kifupi kuliko kidole, kilifungwa kwenye fremu ndogo, kikapelekwa kwa roketi na kuwekwa nje ya kituo cha anga, kione baridi na jua la huko. Jioni moja baada ya chakula Tomoe alimtoa Fusae nje, akamwonyesha nukta nyeupe ikipita juu ya milima.

"Ndege ile," Fusae akasema.

"Ndege gani haina sauti? Kile ni kituo cha anga, na pale ndipo ulipo uzi wangu. Unazunguka dunia mara kumi na sita kwa siku."

Fusae akaunganisha viganja vyake kifuani, kama mtu aliyesimama hekaluni, akasimama hivyo mpaka nukta ikazama kwenye kivuli cha dunia.

Uzi ulirudi baada ya mwaka na miezi miwili. Tomoe akainamia hadubini. Upande uliotazama mbele ulikuwa umechakaa, umeliwa kinyweleo kwa kinyweleo.

"Nondo wamefika hadi huko!" akasema.

"Ni oksijeni," Wakatsuki akasema kwa unyonge. "Huko ni chache mno, lakini kituo kinaigonga kwa kasi ya kilomita karibu nane kwa sekunde. Itabidi tuuvike kitu."

"Lakini tazama ndani." Chini ya kile kilicholiwa, pale msokoto ulipojibana, weusi ulikuwa mzima. "Mwalimu, niambie kweli. Itajengwa?"

"Sijui. Hesabu zinakubali. Uzi bado unakataa. Pengine mimi nami sitaiona."

Tomoe akaitikia kwa kichwa. Akaomba auguse. Wakatsuki alisita, maana sampuli haiguswi, kisha akaondoa kioo.

Bi Kamijo akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. Akaweka ncha ya kidole cha shahada juu ya uzi. Ulikuwa mwembamba mno. Hakuhisi kitu chochote. Machozi yalimtoka, naye akakiacha kidole palepale.