Fundi Gisiri na Njaa ya Robi

Gisiri Maranga hajui kukaa. Ukimpa kiti atakikagua miguu kwanza, kisha atasimama karibu nacho. Alitoka Kegonga akiwa kijana, akaja Migori mjini kutengeneza milango na kabati, na mpaka leo hakuna aliyelazimika kuusukuma mlango wake kwa bega. Watu humsifu kwa hilo. Kuna jambo jingine walilomsengenyea, nalo ni binti yake Robi.

Robi alizaliwa wa kawaida. Lakini kabla hajajua kutambaa, mapaja yake yalikuwa yamejaa mikunjo, na wageni walimpokezana wakicheka na kumsifu mama yake kwa maziwa. Alipofikia umri wa shule, kaka yake Cliff alionekana mdogo wake. Walikula ugali uleule na mboga zilezile. Cliff alibaki mbavu nje. Robi akimaliza, anauliza chakula kingine kiko wapi. Gisiri akamshuku mkewe Rael kwamba anamlisha mtoto kwa siri, Rael naye akamshuku yeye, na nyumba ikakosa raha. Mbaya zaidi, mtoto akaanza kukoroma kama mzee, halafu kukatika pumzi usingizini. Baba mtu akawa analala kitako, sikio limeelekea kitanda cha mwanawe.

Wakampeleka hospitali Homa Bay. Daktari Dolphine, mama asiye na haraka, alimsikiliza mtoto kifua kisha akawasimulia habari ya panya wa maabara. Panya wawili wamezaliwa na mama mmoja, lakini mmoja ana kasoro katika jeni moja, moja tu. Kazi ya jeni hiyo ni kuwezesha mafuta ya mwili kuupelekea ubongo habari kwamba akiba ipo. Habari isipofika, ubongo unaamini mwili unakufa njaa. Panya yule hula bila kukoma. Hatembei sana, na mwili wake hupoa ili usitumie nguvu. Hata akipimiwa chakula sawasawa na ndugu yake, bado atanenepa kumpita.

"Wako watoto wachache sana wa namna hiyo," daktari akasema. "Nashuku Robi ni mmoja wao. Damu tutaituma Nairobi ipimwe, lakini majibu yatachelewa, na hii pumzi yake haiwezi kungoja. Kwa sasa chakula chote kifungwe. Hata kwa majirani."

Gisiri alirudi nyumbani amepandwa na hasira, na hajui amkasirikie nani. Alitia kufuli jikoni kwake kabla hata ya kuvua viatu. Kesho yake Robi alikutwa kwa jirani na sahani mapajani. Utamlaumu nani? Mtoto akiingia kwa watu wakati wa kula, anapewa. Kumnyima ni aibu ambayo hakuna mama wa mtaa ule angekubali kuibeba. Basi Gisiri akachukua bisibisi na mfuko wa makomeo, akaanza kupita nyumba hadi nyumba, akiomba awawekee makomeo jikoni bure. Wengine walikubali kwa sababu ni bure. Wengine walimwona amerukwa na akili.

Damaris, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, alikataa katakata.

"Baba Robi, jikoni yangu haijawahi kufungwa. Unataka niitwe mchoyo? Mtoto aingie hapa nimwangalie tu?"

"Daktari amesema kuna panya fulani..."

"Panya? Huyu ni nyathi, mtoto wa mtu! Sio panya."

Gisiri alikuwa akizunguka uani, bisibisi mkononi, na maneno yote ya daktari yamemponyoka. Ndipo Robi akatokea kwenye kona, anahema, ameshika ukuta.

Damaris akaona amepata shahidi. "Robi, umekula kwenu?"

"Nimekula."

"Umeshiba?"

Robi alimtazama baba yake, kama mtoto aliyeulizwa swali la darasa ambalo hajafika. "Kushiba inakuwanga aje?"

"Si unakula, halafu tumbo inasema basi."

"Yangu haijawahi kusema."

Hakulia aliposema hivyo. Damaris alijishusha juu ya gunia la omena.

"Weka, Baba Robi," akasema mwishowe. "Weka juu, mahali hafiki."

Gisiri akaweka komeo. Skrubu ya kwanza ikaingia upande. Alijiona anamfungia mwanawe nje ya wema wa watu. Robi alisimama palepale akitazama.

"Baba, hiyo ni yangu?"

Alitaka kumdanganya, akashindwa. "Ni yako."

"Ndio nisikule?"

"Ndio usikule."

Robi akafikiri kidogo. Halafu akamshika baba yake kidole, akamvuta kuelekea nyuma ya kanisa, kwenye nyumba ambazo Gisiri hakujua kamwe kwamba mwanawe huzifikia.

"Kuja nikuonyeshe zingine," akasema. "Kwa Mama Liz haifungwangi. Na kwa kina Kerosi wanaachanga sufuria nje."