Masharubu ya Mhandisi Ukutani

Simba wa Fundi Shazli wana nyuso za watu waliokula samaki aliyelala. Hatujali. Kijijini kwetu, ng'ambo ya magharibi ya Nile, mtu akirudi hija ukuta wake lazima uchorwe: Kaaba, ndege, simba wa kulinda mlango, na jina la haji kwa herufi kubwa, majirani wasije wakajisahaulisha. Shazli amechora Makka maisha yake yote, naye mwisho wa safari zake ni mjini Qina, alikokwenda kung'olewa jino. Ndege zake zina ngazi kama za banda la njiwa.

"Ndege haiko hivi, Shazli," mahaji humwambia.

"Ikifika kwangu huwa hivi."

Huguna, hulipa.

Mwaka mmoja serikali iliamua kwamba mabasi ya watalii yanahitaji pa kupumzika kuliko sisi. Akaja Mhandisi Lutfi, kijana aliyefuga masharubu ya babu yake, akazitia nyumba zetu alama nyekundu za kosa, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Shazli alizikagua. "Mkono mzito," akasema. "Rangi imechuruzika."

Tingatinga likafuata. Lilimeza mazizi mawili, likafika kwenye ukuta wa Haji Tulba, wenye Kaaba. Dereva akalizima.

"Siibomoi Kaaba mimi. Nina mama."

"Ni chokaa hiyo, mpumbavu wewe!" Lutfi akafoka.

"Basi panda wewe."

Lutfi hakupanda. Naye ana mama.

Kufika adhuhuri kijiji kizima, hata muuza bangi, kilitaka Kaaba ukutani. Shehe Qinawi akasimama mlangoni pa msikiti, akatangaza kwamba uongo wa ukutani ni mbaya kuliko wa mdomoni, maana kila mpita njia anausoma. Cha ajabu, Shazli alimuunga mkono.

"Hija isiyokwendwa sichori. Simba nitawapa."

Hakuna tingatinga lililowahi kuogopa simba wa Shazli.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Inshirah, mjane, anayeumua mkate wake juani, darini. Alimfuata fundi na unga mikononi.

"Wanataka kunipeleka kwenye maghorofa ya jangwani. Mkate wangu nikauumulie wapi, dirishani?"

"Hukwenda hija, shemeji."

"Akiba yote aliitumia kuoa yule zuzu mwanangu, wewe mwenyewe ulikula harusini ukaomba nyongeza!"

"Lakini nia unayo?"

"Tangu ujana. Njia ndiyo sina."

Shazli akajikuna kichwa. "Na sasa hivi, njia ameiziba nani?"

Alichora mpaka alasiri. Kaaba, ndogo, kwenye kona ya mbali. Huku, Inshirah juu ya punda, na kapu la mikate. Katikati, tingatinga la manjano limekaa kingamo barabarani, na kitini Lutfi mwenyewe, masharubu na yote. Chini akaandika: *Hajati Inshirah, inshallah, njia ikifunguliwa.*

Shehe Qinawi aliusoma ukuta mara mbili akitafuta uongo. Nia ilikuwemo. Kizuizi kilikuwemo.

"Punda mnene mno," akasema, akaenda zake.

Asubuhi dereva alifika, akatazama. "Hilo si tingatinga langu?"

"Lako. Wewe nimekutoa."

"Mungu akulipe." Akashuka, akaomba chai.

Lutfi alipofika, wanawake walikuwa wameshajipanga darini wakimlinganisha na picha. Wengine walisema picha ina haya zaidi.

"Nitoe humo!"

"Kazi ndogo, Bwana Mhandisi. Lakini nahitaji ukuta wa kukutolea."

"Nikiubomoa nitatoka vilevile."

"Utatoka. Ila watu watasema uliizuia hija ya mjane, halafu ukaivunja. Hiyo siwezi kuifuta, haiko ukutani. Na mama yako hajambo?"

Kufikia hapo nyumba ya jirani ilikuwa imeshapata nia, na ya pili yake. Muuza bangi naye akagundua kwamba alikuwa nayo siku zote. Lutfi mmoja ukutani ni tusi. Lutfi kila ukuta ni historia. Ndipo ofisi ya Lutfi ikakumbuka kwamba serikali ina shamba lake la vitunguu hapo karibu, tambarare, lisilo na mtu, mabasi yakapumzike huko.

Shazli ni mtu wa ahadi. Uso wa mhandisi aliufuta wiki ileile, mikono ikafuata. Masharubu tu ndiyo yamebaki ukutani kwa Inshirah, yanaelea juu ya kiti kitupu. Anasema rangi nyeusi ni ngumu kutoka. Inshirah humpelekea mkate wa moto kila Ijumaa, ili iendelee kuwa ngumu.