Geji ya mafuta ya mjomba ilivyotuangusha Msimbazi siku ya posa yangu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naombeni kiti na maji ya kunywa, nina jambo. Wale wa "hii chai" mnisamehe mapema. Hili limenikuta mimi mwenyewe, na mashahidi ni nusu ya Kariakoo.

Uzi unahusu geji ya mafuta. Najua humu ndani kuna watu wanaendesha taa imewaka huku wanajisifu, "gari yangu naijua, hapo inafika Kibaha na kurudi." Someni taratibu.

Nina mjomba, tumwite Mjomba Shaibu. Ni kaka yake mama, anaishi Magomeni, ana gari ndogo aliyoinunua kwa mtu.

Mkoko huo mshale wake wa mafuta unasoma nusu. Ukijaza tenki, nusu. Ukimaliza mafuta, nusu. Ukizima gari ukachomoa funguo ukaenda kulala, nusu.

Taa ya mafuta nayo iliwaka siku aliyoinunua na haijawahi kuzima. Mtu mwingine angeita fundi. Mjomba akachukua plasta, ile ya kidonda, akaibandika juu ya taa. Kwake tatizo likaisha.

Sasa anajuaje kama mafuta yapo? Anashuka, anaitikisa gari ubavuni, halafu anatega sikio kwenye mfuniko wa tenki kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Yapo," anasema. Ukibisha, umemtukana.

Basi, nikapata mchumba, Zuhura. Baba yake, Mzee Seif, ana duka la vitambaa mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na familia inaishi ghorofani juu ya duka hilohilo. Posa ikapangwa baada ya Alasiri. Zuhura alishaniambia kabisa, "Baba aliwahi kurudisha watu kwa sababu walichelewa. Msinitanie." Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo usingizi sikuuona.

Waliotakiwa kwenda ni wawili: mjomba kama msemaji, na Shangazi Mwanahawa aliyebeba posa imefungwa vizuri kwenye kitambaa cheupe. Kimila muoaji haendi. Lakini mjomba hajui kupaki Kariakoo, nikachukuliwa kwa kazi hiyo. Masharti: wakifika nishike usukani, nitafute pa kuegesha, nisionekane na mtu yeyote wa ukweni.

Tunatoka Magomeni, shangazi akauliza, "Shaibu, gari ina mafuta?"

Mjomba akashuka, akatikisa, akasikiliza. "Yapo."

"Si tupite sheli tu? Iko njiani."

"Mwanahawa, gari hii naijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

Niwaambie tu kwamba mke wake wa kwanza alihama yeye akiwa kazini, na mpaka leo hajui kwa nini. Tuendelee.

Sheli tukaipita. Tukafika Msimbazi, na pale pa kukatiza njia ya mwendokasi gari ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Katikati ya njia ya mwendokasi, wakuu. Nyuma yetu basi limejaa mpaka watu wamebandikana kwenye vioo, dereva kalalia honi.

Mjomba akapiga selfu mpaka ikachoka. "Hii pampu," akasema.

"Mjomba, si mafuta kweli?"

Akanionyesha dashibodi. "Hujui kusoma? Nusu hiyo!"

Mtu ameishi na mshale ule miaka yote, anajua ni muongo, siku ya aibu akaugeuza shahidi wake.

Kwenye basi mama mmoja akatoa kichwa dirishani. "Nyie wa kanzu! Tokeni njiani, wengine tuna watoto nyumbani!"

Nikashuka kusukuma. Mjomba alibaki na usukani. Shangazi alikataa kushuka, haendi ukweni na vumbi, na shangazi yangu mwili anao, mashallah.

Ndipo machinga mmoja mwenye spika akaniona. Jamaa akaacha kutangaza bei akaanza kunitangaza mimi:

"Haya wateja, mheshimiwa anasukuma mkoko na kanzu! Kanzu hizo zipo hapa kwangu, hazichaniki hata ukisukuma lori!"

Watu wakacheka. Na wakanunua, niliwaona kwa macho yangu. Wa kuja kusukuma, hakuna.

Nikaifikisha pembeni kwa kudra za Mungu. Kuinua macho, tuko mbele ya duka la vitambaa. Ghorofani Zuhura na mama yake wameegemea kingo za roshani. Zuhura kaziba mdomo na mtandio, mabega yanatikisika.

Mzee Seif akatoka dukani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmekwama?"

"Pampu tu, mzee mwenzangu," mjomba akajibu. "Mafuta yapo." Na papo hapo akaanza kuita fundi aje afungue injini! Yaani yuko radhi gari imwagwe vipande barabarani kuliko kutamka maneno mawili, "nimeishiwa mafuta."

Shangazi akashusha kioo. "Shaibu, tafuta mafuta. Huyu mtoto amekuja kuoa, hakuja kufungua gereji."

Mzee Seif hakubishana na mtu. Akamtuma bodaboda, kidumu kikaja, mafuta yakamiminwa. Gari ikawaka selfu ya kwanza.

Mjomba akajipangusa mikono. "Si nilisema? Pampu ilishika hewa."

Wakapanda juu. Mimi nikabaki ndani ya gari, kanzu imechafuka kifuani, jasho linatiririka, najua mke nimeshamkosa. Kuna wakati nilifikiria kuwasha gari niondoke zangu.

Ya huko juu alinisimulia shangazi. Mjomba alianza kunimwagia sifa, kijana mtulivu, mchapakazi, anaswali. Mzee Seif akamkatisha.

"Muoaji ndiye yule aliyekuwa anasukuma peke yake?"

Mjomba akafungua mdomo aseme yule ni dereva, shangazi akamuwahi: "Ndiye."

"Basi msinisifie. Nimeshamuona. Posa nimepokea. Ila nina sharti moja, binti yangu hapandi gari ile."

Mjomba akauliza kwa uchungu kabisa, "Kwa sababu ya pampu?"

Zuhura ni mke wangu sasa.

Nilichojifunza: ile taa haikuwekwa kupamba dashibodi. Mshale ukidanganya, peleka gari kwa fundi. Na taa ikiwaka, ingia sheli, acha kujipima ushujaa, maana kuendesha tenki kavu ndiyo njia ya kuiua hiyo pampu unayoisingizia. Tumezoea kubandika plasta juu ya kila kinachotuonya, halafu tukizimika katikati ya barabara tunatafuta wa kumlaumu.

Baada ya harusi niliipeleka gari kwa fundi mwenyewe. Boya la kupimia mafuta ndani ya tenki lilikuwa limeganda, likabadilishwa, geji ikawa nzima.

Mjomba hanisemeshi. Anadai nimemuharibia gari. Zamani mafuta yalikuwa yanakaa nusu, siku hizi yanashuka.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine ana plasta kwenye dashibodi? Jitokezeni, humu hakuna wakwe.