Safari ya Njombe na Mbwa Aitwaye Tutaonana

Niliondoka Kichiwa kwa sababu ya neno moja, na aliyelisema nitamtaja: Zakaria, mdogo wa marehemu mume wangu. Siku ya tatu baada ya kumzika Daudi, watu wameketi matangani, mimi nagawa makande, Zakaria alisukuma sahani akasema, "Chakula cha huyu ndicho kilichomuua kaka." Basi. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Kichiwa aliyekula kitu kilichotoka mkononi mwangu, hata hindi la kuchoma. Na kwetu neno la namna hiyo haliondolewi na mchungaji wala na barua. Aliyelisema ndiye anayeliondoa, kwa mdomo wake, mbele ya mtu anayesikia. Sasa habari ikafika kwamba Zakaria amelazwa Njombe, kwenye nyumba ya wagonjwa ya usharika, na hana siku nyingi. Akifa nalo, limebaki.

Wa pili wa kumtaja ni Mwinjilisti Enoki. Siku ile matangani alikuwa ameshika sahani yake. Aliwatazama wenzake, akaiweka chini taratibu.

Habari za mbwa ni hizi. Zakaria aliponitoa kwenye nyumba ya Daudi, nilisimama mlangoni nikamwambia, "Tutaonana." Kwa jinsi nilivyolitamka, hakuna aliyedhani ninamuaga. Wiki hiyohiyo niliokota mbwa mwekundu, nikampa jina hilo, ili kila nikimwita majirani wasikie. Wengi kwetu hufanya hivyo, wanasema na jirani kwa jina la mbwa. Halafu nikaugua kifua, nikakohoa damu. Watu walisimama mlangoni wakanipa pole kutoka hukohuko. Mbwa alilala kwenye miguu yangu msimu mzima wa baridi. Nilipopona nikaanza kumpeleka kwa wagonjwa wengine, maana ule ugonjwa ulikuwa umeingia kila kijiji, na watu waliogopa hata kuwashika ndugu zao. Mbwa haogopi. Mwinjilisti Enoki alicheka kwanza, baadaye akatangaza kanisani kwamba ni huduma. Huduma akaisifu, ila chakula changu hakula.

Saa kumi na mbili asubuhi tulishika njia kwa miguu, mimi na koti langu la mitumba, mbwa mbele, ukungu umelala kwenye mashamba ya mahindi. Kapuni nilikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha.

Makambako tuliingia jua limeshapanda. Malori yamejipanga, mbao huku, magunia kule, na mabehewa ya reli ya Zambia yamesimama kama hayana pa kwenda. Nilipita nyuma ya gesti moja kumwona Mama Siwema, aliyekuwa akiwapikia madereva mpaka alipoanguka.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umeniletea padri wako mwenye mkia?"

Mbwa alipanda godoro, akajikunja kwenye miguu yake. Mama Siwema akafumba macho. Nilimwacha hivyo kwa muda, kisha nikasema, "Leo sikai, naenda Njombe. Tutaonana! Shuka, twende."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe nawe! Mtu hajui unamwita mbwa au unamuaga. Ipo siku utamchanganya mgonjwa wa watu."

Nilicheka naye. Sikulichukua lile neno.

Saa sita nilipata lori la Mzee Salum, mfanyabiashara aliyehamia Makambako kutoka Kondoa.

"Shikamoo, Mzee Salum."

"Marahaba. Wewe panda mbele. Huyo akae juu ya magunia, na asinilambe. Akinilamba ni kujiosha mara saba, na shida ya maji ya hapa unaijua."

"Huyu ni mtumishi, Mzee."

"Haya, si ni enzi za ruksa hizi! Kila kitu ruksa, hata mbwa anahubiri."

Njiani aliniuliza ninafuata nini Njombe, nami nikamweleza yote, pamoja na lile neno la matangani. Alibadili gia mpaka kilima kikaisha. Kisha akanyoosha mkono. "Kapuni una nini?"

"Viazi."

"Lete."

Nikampa kimoja. Alikila huku anaendesha, mimi namtazama mpaka akameza cha mwisho. Akapangusa mkono kwenye suruali, akasema, "Ukifika usizunguke. Mwambie aliondoe. Mgonjwa hana muda wa salamu ndefu."

Njombe tulifika saa tisa, manyunyu yanaanguka, baridi ile ya Juni inayoingia mpaka kwenye meno. Nesi Anjela wa nyumba ya wagonjwa alinijua, akatufungulia. Vitanda vinne. Zakaria alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Umekuja kuniangalia ninavyokufa, shemeji."

"Nimekuja na huduma," nikasema. Nilidanganya.

Nikampandisha mbwa kitandani. Nilimgusa Zakaria miguu, ikawa kama chuma cha jembe asubuhi. Baada ya muda akasema, "Ana joto huyu."

"Ana joto."

Jina lake hakuuliza. Nami nilifanya kile Mzee Salum alichonikataza. Nilizunguka. Nikaongea mvua, nikaongea ndama wa jirani, nikaongea bei ya mbolea. Kumbe nilikuwa namwogopa hata akiwa hivyo. Mwisho nikasema, "Zakaria, unakijua nilichofuata."

"Nakijua."

Nesi Anjela alikuwa dirishani anakunja mashuka, anasikia kila kitu. Zakaria akajiinua kidogo. "Shemeji," akasema, "lile neno la matangani..."

Hapo mzee wa kitanda cha pili akashikwa na kikohozi. Mbwa wangu nilimzoesha kumfuata anayekohoa. Akashuka. Nikaona blanketi la Zakaria limelegea miguuni, nikaogopa baridi imkatishe kabla hajamaliza, nikaita kwa nguvu, "Tutaonana!"

Mbwa akarudi. Zakaria akanitazama muda mrefu.

"Haya," akasema. "Tutaonana, shemeji." Akageukia ukutani, akajifunika.

"Sikuagi! Namwita mbwa! Ni jina la mbwa, Zakaria!"

Hakugeuka. Nesi Anjela akanishika bega. "Mwache apumzike, mama, utaongea naye kesho. Ila mmeagana vizuri. Wengi hapa hawapati hata hilo."

Saa moja asubuhi nilirudi na kukuta godoro lake limeanikwa kwenye uzio.

Mpaka leo sijui alisikia nini. Pengine alisikia ninamuaga. Pengine alisikia lile la mlangoni, na akanijibu kwa lilelile.

Safari ya kurudi Mzee Salum hakuniuliza. Alinitazama usoni, akaomba kiazi kingine.

Kichiwa, siku ya maziko, Mwinjilisti Enoki alitangaza kaburini kwamba shemeji wa marehemu alimfuata kwa huduma na wakaagana kwa amani. Nikasimama. "Hakuniaga tu. Alikuwa analiondoa lile neno."

"Alisemaje?" akauliza Enoki.

"Alisema, 'Lile neno la matangani.'"

"Halafu?"

"Halafu akaniaga."

Watu wakatazamana. Enoki akaanzisha wimbo. Nesi angeitwa naye angesema hivyohivyo, maana ndicho alichosikia.

Nilipika makande nikayapeleka matangani. Sufuria ilirudi imejaa, hata kijiko hakijachovywa.

Nilichojifunza ni kidogo, na hakinisaidii. Nimemtaja Zakaria, nimemtaja Enoki. Wa tatu ni mimi, niliyemfungia mbwa jina la kisasi, kisha nikampeleka kwa watu wanaokufa nikaiita huduma. Mbwa peke yake ndiye aliyekwenda Njombe kumpasha mtu miguu.

Jioni ile nilimmiminia mbwa makande ya matanga. Alikuwa uani kwa jirani, ilibidi nimwite, jina likakataa kutoka. Nilisimama na sahani mkononi mpaka yakapoa. Akaja mwenyewe, akala yote.