Uyoga na Panya Vichakani Mnyambe

Harufu ya uyoga mbichi bado siivumilii. Wajukuu wangu wakirudi nao kutoka porini huku wanacheka, mimi hutafuta sababu ya kutoka jikoni. Hawajui kwa nini, nawaambia ninyi.

Wakati wa vita vya Maji Maji, askari wa Mdachi walichoma maghala yetu kule Lisekese, wakamchukua baba kuwabebea mizigo. Mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu Saidi na mimi tukapanda juu kwenye nyanda za Wamakonde, tukajificha kwenye vichaka vya Mnyambe. Maji tulikinga ya mvua. Chakula kilikuwa mizizi ya kuchimba, nayo ikaisha. Saidi akaacha kulia. Kimya kile kilimtisha mama kuliko bunduki.

Asubuhi moja mama aliokota uyoga mkubwa wa zambarau, ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona. Hatujakaa sawa, Mama Litunu, Mmakonde tuliyejificha naye, akatuletea panya wa porini anayeenea kiganjani.

"Mchomeeni mtoto," alisema. "Nyama hii haijamdhuru mtu."

"Ahsante, dada, lakini sisi Waislamu panya hatuli." Mama akautia uyoga chunguni.

"Mama Zuhura," bibi akamwambia, akimwita kwa jina langu, "panya tunamjua, ila hatumli. Uyoga tunakula, ila huu hatuujui."

Mama akaukoroga uyoga. Ulipoiva alimega kipande, akakisogeza mdomoni mwa Saidi. Bibi akamdaka mkono, akakivuta chungu, akala uyoga wote, akanywa na mchuzi. Nililia kwa hasira. Hata kidogo hakunibakizia!

Jua halijafika utosini, akaanza kutapika. Mama alimshika kichwa. Mimi nilijiziba mdomo kwa kaniki, nikiogopa askari wasije wakanisikia, nikiogopa zaidi macho ya bibi yalivyogeuka. Alipopata pumzi alisema neno moja tu: "Panya."

Mama akamchoma yule panya wa Mama Litunu huku machozi yanamtiririka, akawa anaitafuna nyama mwenyewe kwanza, kisha anamlisha Saidi. Jioni Saidi alilia akitaka nyingine. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Bibi alilala hoi siku kadhaa, akapona. Nilipokuwa mwali nilimuuliza kwa nini alikula peke yake.

"Nilikuwa na njaa," alisema, akacheka. "Na ulikuwa mtamu, mjukuu wangu."

Nilimwamini, mpaka siku nilipompakata mwanangu wa kwanza.